Pole Nilizogawa Kwenye Treni ya Makaa

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii nimeibeba mwaka mzima, na hapa Kilburn, London, kuna watu wazima na ndevu zao bado wakiniona wanaigiza honi ya treni.

Iko hivi. Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Rehema, na baba yake huko Tanga akasema hajibu kitu mpaka dada yake, Shangazi Mwanaidi, aliyekuja London kumtembelea Rehema, anikague kwa macho yake. Shangazi anarudi Jumanne. Mimi Jumamosi, kwa kiherehere changu, nikakata tiketi tatu za treni ya makaa, ile ya zamani inayotembeza watu kwa starehe, vitambaa vyeupe mezani, supu inaletwa na mtu kavaa tai. Rehema akanionya, "Simu inasema kuna dhoruba leo, tuahirishe." Nikamwambia upepo gani huo, hata kofia hauvui. (Kofia yangu ilishapeperuka stesheni, nilinyamaza.)

Tukaondoka. Shangazi kakaa dirishani kama waziri, kila nikimsogezea chumvi anasema "ahsante mwanangu", nami nishajiona bwana harusi. Tukaipita Southall, miti nje inapiga magoti, Shangazi akasema anasikia baridi, nikasimama nimtolee shali yake kwenye kichanja cha mizigo, mkono uko juu hivi, karibu kabisa na ule mnyororo mwekundu wa kusimamishia treni, ndipo kwaaa! breki, kishindo, tukarushwa mbele, shali ikanitua shingoni na supu zote zikahama meza.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini mzee mmoja wa Kizungu supu ya nyanya ilimmwagikia mapajani, na mimi nilivyolelewa, mtu akipatwa na jambo unampa pole, si lazima wewe ndiye uliyemsababishia. Nikamwendea, "Sori, mzee, sori sana." Mama mmoja miwani imeanguka, "Sori, mama." Yule wa tai kakaa chini na sinia kichwani (naapa), "Sori, ndugu." Nikalizunguka behewa zima kama niko msibani, meza hadi meza, mkono kifuani, na kwa kuwa Shangazi ananitazama nikazidisha, aone adabu.

Gadi akaingia anahema. "Nani amevuta mnyororo?"

Vidole vyote vikanielekea mimi. Mzee wa supu akasema, "Ameshaomba radhi mwenyewe. Kwa kila mtu."

"Ni wewe?" gadi akaniuliza. Nami nikimtazama maskini ya Mungu, jasho linamtoka, kazi yote imemharibikia, mdomo ukasema wenyewe: "Sori sana, kaka."

Basi. Nikashikwa kiwiko, nikakalishwa karibu na choo, shali ya Shangazi bado iko shingoni mwangu, Rehema kafunika uso, nikajua posa imekufa. Sifanyi utani, nilitaka kulia.

Baadaye akaja dereva, kaloa chepechepe, masizi hadi masikioni, kashika tawi. Dhoruba imeangusha mti relini, injini imeugonga, na breki kapiga yeye. Gadi akanigeukia, "Sasa wewe ulikuwa unaomba radhi ya nini?"

Nikajibu, "Sori."

Behewa zima likaangua kicheko, mzee wa supu akapiga meza mpaka chai nayo ikamwagika (nikaubana mdomo kwa mikono miwili). Mti ulipoondolewa treni ikajikokota hadi Hayes, tukateremshwa, hapo hapo ninaposhukia kila asubuhi kwenda ghalani, kwa hiyo safari ya kifahari nilimpeleka Shangazi kazini kwangu.

Kwenye basi Shangazi akatoa simu, akampigia kaka yake, nami nasikia kila kitu. "Kaka, huyu kijana ana kasoro moja. Dhoruba ikiangusha mti, yeye anaomba msamaha." Nikabonyeza kengele ya basi nishuke. "Muozeshe upesi. Mume wa namna hiyo mimi nimemtafuta miaka thelathini sikumpata."

Tangu siku hiyo nimeapa, kwa Wazungu natoa sori kwa kosa langu tu, tena lithibitishwe kwanza. Nyumbani nimeshindwa. Jana kijiko kimeanguka jikoni, mimi niko bafuni, sabuni machoni, nikajisikia napaza sauti, "Pole!"

Rehema akajibu, "Nimekusamehe."