Mawe Yenye Rangi Nyekundu

Asteria Maige aliujua ubaya wa jiwe tangu utotoni. Kule Rwamgasa mama yao aliwakalisha yeye na mdogo wake Edson juu ya viroba, wakiponda mawe ya dhahabu ya watu mpaka kope zinageuka nyeupe. Vumbi lile lile likamwondoa mama kwa kikohozi kisichosikia dawa. Siku ya mazishi Asteria akaapa: jiwe nitalishika kwa kulijenga, kuliponda basi. Akajifunza uashi; Edson akabaki kwenye vumbi la karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kwao Bukombe watu wakacheka, eti mwanamke na pimamaji wapi na wapi! Wakacheka weee, wakachoka wenyewe.

Urithi wao ulikuwa nyumba ya babu hapo hapo Bukombe, mwashi wa mapadre wa zamani. Mzee alijijengea mnara wa mawe, chumba juu ya chumba, kuta nene hata ngazi inapanda humo humo ndani ya ukuta, madirisha membamba ya kuchungulia wezi wa ng'ombe. Baba yao akaja na usasa wake, akaukandika saruji. Maji yakanaswa ndani, udongo ulioshika mawe ukalainika, pembe moja ikavimba. Ikianguka hiyo, mnara wote unaifuata.

Asteria akabandua saruji, akaegemeza magogo, akashusha mawe ya pembe moja moja. Kila jiwe akalitia namba na mshale kwa rangi nyekundu ili lirudi pale pale lilipotoka, maana babu alilichonga kila moja likae na mwenzake. Akayapanga uani. Kabla hajayarudisha, shangazi yao akafariki kule Isaka. Asteria akaenda msibani, ufunguo wa geti akamwachia Edson.

Aliporudi, mawingu yameshatanda na uani hakuna jiwe. Alama za matairi ya toyo tu, zile pikipiki za mizigo za magurudumu matatu.

"Edson! Mawe yako wapi?"

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo ya nini? Mawe!"

"Si nimeyapeleka karasha, dada. Yamesagwa." Edson alikuwa mweupe vumbi mpaka masikioni. "Watafiti wa madini wakipata jiwe lenye mali, si wanalipiga rangi nyekundu na namba? Mtaa mzima umeona. Nikasema dada kapata, anaogopa kusema. Nikawahi kabla hatujaibiwa."

"Umepata nini?"

"Hamna. Hata chembe."

Mkono wa Asteria uliinuka kumpiga. Jamani, alikuwa na uchungu! Ukashuka wenyewe. Hakuna aliyewahi kumwambia Edson alama zile ni za nini. Yeye dada mtu alidhani kila mtu anaelewa.

Mvua ikaanguka kwa kishindo. Magogo yakaanza kuteleza kwenye tope, na kokoto zikadondoka kutoka juu. Edson akachomoka mbio kuelekea mnarani.

"Nitayashikilia mimi, dada! Nimeharibu mimi!"

Hakufika. Kikohozi kilimkunja njiani akashika magoti, na Asteria akakitambua kikohozi kile. Alikisikia utoto wake wote, usiku na mchana, kwenye kitanda cha mama. Akamkimbilia, akamkamata shati kwa mikono miwili.

"Niache! Nyumba ya babu inaanguka!"

"Ianguke."

"Dada, ndiyo nyumba pekee tuliyo nayo!"

"Nimesema ianguke, Edson. Kesho tunakwenda hospitali."

Akamvuta hadi getini, wakakaa chini kwenye tope. Mnara ukashuka nyuma yao, ngazi, madirisha na vyote. Asteria hakugeuka kutazama. Alikuwa akimfuta mdogo wake vumbi usoni kwa upindo wa kanga.