Ukoko wa Kupeleka Nyumbani

Jikoni kwetu Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, nyuma ya msikiti, tulipika posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage kila mchana kwa watu wanaolala kwenye baraza za maduka. Nilianza kujitolea pale baada ya mume wangu kufariki, maana nyumba ilinishinda. Lakini sikujidanganya kwamba tunaokoa mtu. Anayeshiba saa saba mchana, jua likizama ana njaa tena.

Kati yao alikuwamo mzee mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mgao wa chakula ulipopunguzwa huko kambini, alimwacha mkewe akaja Mbarara kutafuta kibarua. Na mgongo wake ulivyopinda, nani angempa mzigo? Akatuomba asugue sufuria. Tukamwambia chakula chetu ni cha bure, asihangaike. Alisugua hivyo hivyo, na ujira aliotaka ni ukoko, ile posho inayoshika chini ya sufuria. Aliubandua, akauanika juu ya mabati, ukikauka anautia kwenye gunia. Gunia likijaa, alisema, atarudi nalo kwa mkewe.

Wenzangu walimtania, wakamuuliza duka anafungua lini. Mimi aliniudhi. Mkono mtupu haulambwi, najua, lakini wako wanaume wanaoutazama mkono wao kuliko mtu anayewangoja.

Siku moja mwanamke wa kambini aliyekuja sokoni alipita kumwambia kwamba mkewe anaumwa, hainuki. Gunia lilikuwa halijafika hata nusu. Mimi nimelelewa Makenke, kambi ya jeshi, mtoto wa askari, kubembeleza sijui.

"Mzee, bibi yako anataka wewe. Hapana posho ya kukauka! Panda gari leo."

"Mama, nitaingia mu nyumba na nini? Batu batasema nilikuwa nakula mu muji, bibi yangu analala na njala."

Nikamletea mchele na sukari. Akavirudisha kwa mikono miwili, akanishukuru, akasema hajavitolea jasho. Kisha mvua zikanyesha mfululizo, ukoko ukaota ukungu, akamwaga mwingi na kuanza upya. Wallahi nilitaka kumpiga.

Gunia lilipojaa nilimsindikiza, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Alikuwa ameazima wembe akanyoa ndevu. Tulipofika kwake, nyumba ya udongo ndani kabisa ya kambi, tulimkuta jirani, mama wa Kikongo, anafagia uani. Aliona gunia, akamwona mzee, akaliachia fagio. Akatuambia mke wa mzee ameshazikwa, Jumapili iliyopita.

Mzee alikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilimshika bega. Akauliza kama mkewe aliacha neno lolote. Nadhani alitegemea lawama. Mimi pia niliitegemea, na moyoni nilikwisha kuiona ya haki.

Jirani akachuchumaa mbele yake.

"Hapana neno mingi, papa. Kila mutu mwenye kutoka Mbarara, alikuwa anamuuliza: bwana yangu anakulaka? Bakimujibu unakula, hapo ndio analala."