Ukungu Uliomlowesha Marlys

Marlys Tibbet alibeba maziwa kabla ya kubeba oksijeni. Miaka mingi aliendesha lori la tangi kutoka mazizi ya Bakersfield, mara nyingine akimwaga kidogo njiani, na hakuna aliyedhurika. Kisha mazizi yakafungwa, mgongo wa mumewe Vern ukamzuia kufanya kazi, na kampuni changa ya roketi kule jangwani Mojave ikatafuta madereva.

Kazi yenyewe ilitokana na uamuzi wa serikali. Serikali ilikuwa imechoka kujibebea mafuta ya roketi, ikatangaza kuwa italipa kampuni binafsi ziyafikishe huko juu, kwenye matangi yanayoizunguka dunia, ili vyombo vya kwenda mwezini vijaze hapo na kuendelea na safari. Lakini hela haikutoka hivi hivi. Kila hatua ilikuwa na jaribio lake. Ukifaulu unalipwa, ukishindwa unangoja. Kampuni ya kina Marlys ilikuwa imengoja mpaka watu wakaanza kuulizana chinichini kama mshahara utaingia.

Siku ya jaribio la kuhamisha oksijeni ya kimiminika, ile baridi kali inayounguza mafuta ya roketi, kutoka tangi moja hadi jingine, wakaguzi wa serikali walikaa mbali, ndani ya kibanda cha zege. Marlys alikuwa peke yake uwanjani. Alikuwa amemaliza kujaza tangi la kwanza kutoka kwenye lori lake, akawa anachomoa mpira wa kujazia, lakini kiungo kilikuwa kimeganda. Alipokigonga kwa nyundo ya shaba, kikaachia ghafla, na oksijeni iliyobaki ndani ya mpira ikamrukia.

Ukungu mweupe ukamfunika mzima. Glavu na ngao ya uso vilimkinga na baridi kali, akatoka upande wa pili akihema, akadhani amepona. Ndipo akazikumbuka nguo. Oksijeni ile huingia kwenye nyuzi na kukaa humo. Mtu anaonekana hana neno, lakini cheche moja, hata ya kitambaa kusuguana, inamwasha kama karatasi. Kwenye mafunzo waliwahi kuonyeshwa picha ya koti la mtu wa namna hiyo. Mwenye koti hawakuonyeshwa.

Akasimama peupe, mikono ameitanua, akiogopa kugusa zipu, akiogopa hata kukwaruza jiwe kwa buti. Upepo wa jangwani, ambao siku zote aliulaani, sasa aliuomba uzidi, uipeperushe oksijeni kutoka nguoni.

Delbert Ochoa, msimamizi wake, akaja mbio na gari.

"Delbert, simama hapo hapo. Usinisogelee."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nimelowa oksijeni. Rudi nyuma, halafu uzime gari."

Delbert akarudi nyuma, akazima. "Mama, unatetemeka."

"Naogopa, wewe. Ulitaka nicheke?"

"Kibandani wanauliza kama tunaendelea. Wale wa serikali wana ndege ya kuwahi."

"Waambie wakapande ndege yao."

Delbert akaitazama redio mkononi. Mkewe naye alifanya kazi pale pale, ofisini; malipo yakichelewa, nyumbani kwao hakuna mshahara hata mmoja ungeingia. Mwishowe akasema redioni kwamba jaribio limeahirishwa.

"Sasa ongea," Marlys akamwambia.

"Niongee nini?"

"Chochote. Ukinyamaza nalisikia koti linavyosuguana."

Basi Delbert akamsimulia habari za mbwa wake aliyekula bata mzinga wa sikukuu, kisa kirefu, na mara mbili akapotea humo humo. Marlys hakumkatiza. Alikuwa akilia bila kujifuta machozi, kwa kuogopa kuinua mkono.

Fundi wa usalama alipokuja na kipimo chake cha oksijeni na kumruhusu avue koti, alilivua, akakaa mchangani.

Jaribio lilirudiwa kwa kiungo kipya, likafaulu, na serikali ikalipa. Baadaye tangi lao likapaa kwelikweli, watu wakikumbatiana kwenye maegesho. Marlys aliendelea na lori. Ila nguo za kazi hakuziingiza tena ndani ya nyumba, na Vern alipotaka kuwasha jiko, ilimbidi angoje kwanza mkewe atoke jikoni.