Chai Isiyopikwa

Mama yangu, Nalotuesha, hutunga shanga katika soko la Noonkopir, mbele ya duka la Mumbi la vitambaa. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha chuo cha ualimu. Miaka miwili iliyopita uso wake ulianza kuiva wekundu, na vidole vikawa vinawaka kama vimetiwa pilipili. Sindano ikawa inamponyoka. Hospitalini wakasema ni ugonjwa adimu wa uboho: mifupa yake ilitengeneza damu kupita kiasi, ikawa nzito. Alitakiwa ameze vidonge, na kila mwezi atolewe damu, karibu nusu lita.

"Kutolewa?" aliniuliza kwa Kimaasai. "Mtu mgonjwa?"

Kwetu aliyepoteza damu hurudishiwa. Mwanamke aliyejifungua hunyweshwa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa. Basi kila alipotolewa, Mama alienda Oltepesi kwa kaka yake, mjomba Katoo, akakaa wiki nzima. Nilijua anachokunywa huko. Nilijiambia ni mambo ya wazee.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Daktari Khisa aliwafundisha wagonjwa wa damu na uboho. Alichora mfupa ubaoni, akaeleza taratibu, kisha akamuuliza kila mmoja. Mimi nilimtafsiria Mama, maana Kiswahili chake ni cha sokoni. Siku moja aliketi kando yetu Yvonne, niliyesoma naye chuoni. Alikuwa amemleta mumewe.

"Mama, tukishakutoa damu, ukifika nyumbani unakula nini?" daktari aliuliza.

Mama alijibu bila kusita, kwa Kimaasai: "Nakunywa damu na maziwa kwa ndugu yangu, nguvu zirudi."

Yvonne alinitazama akitabasamu, akingoja tafsiri. Uso wangu ulipata moto.

"Anasema chai," nikasema. "Chai na chapati."

"Vizuri," daktari akasema, akaandika.

Mama akanigeukia. Neno chai amelisikia sokoni miaka thelathini. Tangu siku hiyo daktari akimuuliza lolote, alinionyesha kwa kidole: muulize huyu.

Kwa miezi minne damu ilikataa kupungua. Daktari aliongeza vidonge, akatikisa kichwa. "Huu uboho wa mama yako ni mkaidi!" Nikacheka naye.

Asubuhi moja ya Agosti, Mama aliniita. Alikuwa na shanga mbili kiganjani.

"Nakerai, jicho la kushoto limeingia ukungu."

Hospitalini walikuta mshipa wa jicho umezibwa na damu iliyoganda.

Nilimwambia daktari ukweli nikiwa mlangoni, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. Hakukunja uso.

"Ndiyo maana niliuliza," alisema. "Damu ya ng'ombe ina madini ya chuma mengi, na uboho hutumia chuma kutengeneza damu. Sisi tunapunguza, nyinyi mnarudisha." Akaongeza kwamba hawezi kuapa jicho liliharibika kwa sababu hiyo. Nimejaribu kuyashika maneno hayo. Hayashikiki.

Jumamosi ya mwezi uliofuata, Mama alisimama mwenyewe darasani.

"Mimi nilikuwa nakunywa damu ya ng'ombe," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hakuna mtu aliniambia ni mbaya, juu daktari alisikia ni chai."

Watu wakacheka. Yvonne hakucheka. Aliinua mkono polepole. "Na supu ya mifupa, daktari? Ya kuongeza damu? Mimi humpikia mzee kila siku. Niliona haya kuuliza."

Nilitazama sakafu. Huyo ndiye niliyemwonea haya hata nikaficha jibu la Mama.

Jicho halikurudi. Mama bado hutunga, ila nyekundu na rangi ya machungwa humchanganya, kwa hiyo siku nisizofundisha mimi huketi naye.

"Hii ni nyekundu?"

"Ni nyekundu, Yeyo," humjibu, nikimwita mama kwa Kimaasai.

Hunitazama kwa jicho lile zima. "Nyekundu kweli, ama chai?"

"Nyekundu, Yeyo. Kweli."

Kisha humwita Mumbi atoke dukani, aje aangalie.