Wiki ya Kuosha Chupa

Mimi ni mtu wa kiburi, na kiburi changu kilianzia kwenye chupa. Nilikuwa msaidizi wa mkemia mmoja, Mbelgiji mkimya, katika maabara ndogo mjini Likasi, siku zile jimbo la Katanga lilipojitenga na nchi, mji wenyewe ungali ukiitwa kwa jina la Kizungu. Yeye alitafuta madini ya risasi katika udongo na maji ya mitaa yetu. Kazi yangu ilikuwa kuleta udongo, kuuchemsha katika asidi, kisha kuutilia dawa ya kijani. Pasipo na risasi, dawa ilibaki kijani. Penye risasi iligeuka nyekundu, na kadiri wekundu ulivyokolea ndivyo sumu ilivyozidi. Kwa jirani zangu wa mtaa wa Kikula nilijiita nusu daktari, na hakuna aliyenicheka mbele yangu.

Siku moja aliniagiza udongo safi wa mbali, wa kulinganisha na huu wetu. Nilipaswa kwenda upande wa mto Lufira, lakini askari walikuwa wameziba barabara, nami sikuwa na hamu ya kuwaeleza watu wenye bunduki kwamba nimefuata udongo. Nikapita soko la Kikula nikanunua pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito wetu huutafuna. Nilijiambia, hakuna udongo safi kuliko unaoliwa na mama zetu. Hata mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, yetu ya kwanza, hakupitisha siku bila kipande.

Pemba ile ikatoka nyekundu.

Mkemia aliinua chupa dirishani, kisha akanitazama vidole. "Weye hapana kunawa mikono," alisema, kwa kile Kiswahili chao cha kutuamrisha. Niliona haya hadi masikioni. Nikaosha chupa zote kwa asidi, nikarudia kipimo. Nyekundu. Nikakata kucha, nikabadilisha maji, nikaosha tena. Wiki nzima nilihangaika kusafisha jina langu, na kila jioni nilirudi nikamkuta mke wangu barazani, midomo imejaa unga mweupe, nikamtania kwamba atazaa tofali. Sitaficha: wazo lilinipitia. Vipi kama mikono yangu ni safi? Nililifukuza. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mtu mweusi amechafua chupa ya mzungu.

Siku ya saba mkemia alinawa, akapima mwenyewe. Nyekundu ileile. Alisema tu, "Bon," yaani vyema, akaandika, akaniambia nitafute udongo mwingine.

Nilikimbia sokoni. Mama muuza pemba alinijibu bila kusita: njia ya Lufira imefungwa, kwa hiyo miezi miwili sasa anachimba kichuguu kilicho kando ya mfereji wa maji machafu ya viwandani. "Ni ileile tu, papa. Iko mweupe," alisema. Sikuweza hata kumkasirikia.

Nyumbani nilimpokonya mke wangu kipande alichokishika.

"Juu ya nini?" aliuliza sababu.

"Iko na sumu. Tumeipima leo."

Alitema kilichobaki mdomoni, na hakuigusa pemba tena.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume, mdogo mno, hakulia. Aliishi siku nne. Nilimuuliza mkemia kama ni ule udongo. Alijibu kwamba kipimo chake kinaonyesha kilichomo ndani ya udongo, hakionyeshi kilichomuua mtoto. Alisema kweli, na nilimchukia kwa kuisema. Vita vilipokaribia mji alirudi kwao na madaftari yake.

Baada ya matanga mke wangu alisema neno la kujilaumu ambalo aliendelea kulirudia mpaka uzeeni, hata baada ya kupata watoto wengine: "Ni minye njo nilimulisha mutoto sumu."

"Haukujua, mama," nilimjibu kila mara.

"Lakini ni minye njo nilikula."

Alifariki mwaka jana. Katika siku zake za mwisho aliwaita watoto wetu kitandani, akawaambia nisilaumiwe kamwe kwa kifo cha kaka yao, kwa sababu siku ileile baba yao alipojua, alikimbia kumwambia. Ile wiki ya kuosha chupa sikuwahi kumweleza.