Jino Kwenye Mstari wa Kijani

Kwenye kazi ya rangi, cha kunishangaza mimi hakipo tena. Anayebisha aje Ipagala tuzungumze. Nimepaka mistari kwenye modeli miaka kumi na tisa, na Dodoma nzima sijakutana na aliyenizidi mkono, hata hao wenye vyeti. Shule yangu ni darasa la nne basi. Sasa macho yamechoka, kifua kimeshiba tina ya kuyeyushia rangi, na vijana wanaopita hapa wanataka kujua kazi ilikuwaje. Haya, nitasema, ila kwa kupumzikapumzika.

Siku ya kwanza nilipokewa na Fundi Mkuu wa karakana ya ofisi moja iliyohusika na kupanga mji. Tulitengeneza modeli za mbao: majengo na barabara za makao makuu, zikapunguzwa mpaka zikaenea mezani, ili wakubwa wauone mji kabla haujajengwa. Fundi Mkuu alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya.

"Umesoma mpaka la ngapi?"

"La nne, mzee."

"Rangi haiulizi cheti. Shika wembe, kata tepu."

Nikakata tepu miezi mitatu kabla sijaruhusiwa kugusa brashi. Mstari mwembamba haupakwi kwa mkono mtupu. Unabandika tepu ya karatasi pande mbili, unapaka katikati, unabandua. Kusema ni rahisi. Rangi hutafuta mwanya ikapenya chini ya tepu, na ukibandua unakuta mstari umeota meno. Dawa yake ni kufunga ukingo. Unatangulia kupitisha rangi ileile ya chini pembeni mwa tepu, iingie yenyewe na kuziba mwanya. Ikikauka ndipo unapaka rangi ya mstari, kisha unabandua kabla haijakaza, tepu ukiikunja nyuma taratibu. Na vumbi ulifute kwanza, maana upepo wa Agosti huku hauna adabu.

"Ukiona uvivu wa kufunga ukingo," Fundi Mkuu alikuwa akituambia, "nenda kauze karanga."

Serikali iliporuhusu biashara huria, ofisi ikapunguza watu, nami nikapunguzwa. Sikulia. Nilijenga banda langu Ipagala, bati sita, meza moja. Wakati huo kila mwenye hela alikuwa analeta mabasi, na kila mmoja anataka mistari yake, isifanane na ya jirani. Kwa kuwa rangi ya basi zima ni ghali, tajiri alitaka kuona kwanza. Mimi nikamchongea basi la mbao la sentimita hamsini na tano. Sentimita moja kwangu ni ishirini kwenye basi lenyewe. Hiyo ndiyo skeli.

Akaja Alhaji mmoja, Mrangi wa Kondoa aliyeanzia kwenye alizeti. Ana mabasi manne, anataka rangi ya maziwa na mistari mitatu, wa kijani uwe mpana. Na anaitaka modeli Ijumaa kabla ya swala. Upande wa kushoto niliufunga ukingo. Upande wa kulia Alhamisi ilikuwa inaniishia, mgongo unawaka, nikapaka hivyohivyo. Kubandua tepu, chini ya dirisha la tatu pana jino la kijani, milimita nne, dogo kuliko punje ya mchele. Nililiona. Nikasema, nani ataliona?

"Mashallah!" Alhaji akasema, akiizungusha modeli.

Sifa zikanipanda kichwani. Pale alikuwepo Mzee Malogo, Mgogo mpole ambaye ndiye angeyapaka mabasi yenyewe. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee wangu, fuata kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze. Pima kwa rula, zidisha kwa ishirini."

"Haya, fundi," akajibu.

Wiki ya tatu nikaitwa yadi ya Alhaji, njia ya Zuzu. Mabasi manne yamepangwa mstari mmoja, na chini ya dirisha la tatu la kila moja pana jino la kijani, sentimita nane, limechorwa kwa ustadi, ncha yake na mkunjo wake. Matingo wa mabasi hayo wanacheka.

"Yanaota magego haya!"

Alhaji hakucheka. "Mzee Malogo, hii nini?"

"Nimefuata modeli, Alhaji."

"Modeli ya fundi huyu haina doa! Ujira wako wote umekwenda na hayo meno. Fundi, kailete pale ofisini umwonyeshe."

Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, na ujira ule ndio ulikuwa mtama wa nyumba ya Mzee Malogo. Nililijua hilo nikiwa peke yangu ofisini, modeli mkononi, na kwenye mfuko wangu kopo dogo la rangi ya maziwa na brashi, nilivyozoea kutembea navyo. Mpigo mmoja tu, jino halipo. Nikafungua kopo. Nikachovya.

Dirishani nikamwona mzee amechuchumaa kwenye basi la kwanza na rula yake ya mbao. Hakuwa anabishana na mtu. Alikuwa anapima upya, ajue amekosea wapi.

Nikafuta brashi kwenye suruali, nikatoka, nikageuza upande wa kulia juani.

"Alhaji, jino ni langu."

Akainama, akatazama modeli, akatazama basi. "Si ulisema tupime kwa rula?"

"Nami nilipima," Mzee Malogo akasema, hata tabasamu hana.

"Basi mzee apewe chake," Alhaji akasema. "Meno yang'olewe, na mganga aliyeyaotesha alipe."

Nikalipa msasa, tina, rangi, na siku nne za Mzee Malogo. Sikuomba kupunguziwa. Tangu hapo sikuwahi kuruka ukingo hata mmoja, mpaka mkono ulipoanza kutetemeka nikafunga banda. Siku hizi picha za mabasi zinatoka kwenye kompyuta, modeli haulizi mtu. Vijana ndio huniuliza, mzee ulisomea wapi? Nawajibu, darasa la nne, halafu asubuhi moja pale yadi. Ada ya kwanza baba alinilipia. Ada ya pili nililipa mwenyewe: shilingi elfu themanini na saba, mia sita na hamsini.