Tisa Ni Ile Ile, Mwili Ni Mwingine

Jumapili ile Muthama alifunga kamba za viatu mara tatu na kuzifungua mara tatu, na saa nane, saa ya mechi, ilikuwa bado.

"Baba Wayua," mkewe Mwelu alimwambia bila kuinua macho kwenye dengu alizokuwa akichambua, "keti ama utoke. Ukiendelea hivyo mpangaji wa chini atapanda kuuliza tunatwanga nini."

Aliketi. Akainuka. Akaenda dirishani. Kwenye orofa ya nne pale Tassia, dirisha lao halikuonyesha kitu ila ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa, lakini upepo ukikaa vizuri uwanja ulisikika. Leo ulileta mngurumo wa jenereta. Gari la televisheni lilikuwa limeshafika.

Juu ya kabati palikuwa na kipaza sauti chake, kimefunikwa kitambaa kama maiti ya kuku. Alikitazama, akageuza uso.

Muthama alikuwa karani katika mahakama ya Makadara. Siku tano za wiki alisimama mlangoni akiita majina, na aliowaita waliingia wameinamisha vichwa. Jumapili aliita majina katika Uwanja wa Kokoto, na aliowaita waliinua mikono juu. Miaka kumi na tisa amekuwa akitangaza mechi za Ligi ya Mitaa, bila malipo zaidi ya soda. Majina ya utani ya wachezaji karibu yote ni yeye aliyeyatunga. Goli likiingia alilivuta jina la mfungaji hadi pumzi ikamwishia, na uwanja mzima ukamjibu kwa neno moja: "Ndiye!"

Sasa Ukanda Spoti, televisheni ya michezo inayoonekana katika nchi tano, ilikuwa imenunua haki za kuonyesha ligi hiyo kwa misimu mitatu. Barua aliileta Twalib, muuza viatu na katibu wa ligi, siku ya Alhamisi. Aliisoma akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tanzia ya jirani.

"Haki zote za picha na sauti," Muthama alirudia. "Sauti ni ya nani, Twalib?"

"Ya ligi."

"Hii iliyo kooni mwangu?"

"Ndugu yangu, usinifanyie hivyo. Wametupa nyavu. Lini magoli yetu yalikuwa na nyavu? Msimu ujao wanaleta jezi. Ni hiyo spika yako tu hawaitaki. Inaingia kwenye mitambo yao, wanasikika watangazaji wawili, huyu anavuta huku, yule kule."

"Na huyo wao anakaa wapi?"

Twalib alikunja barua polepole. "Studio. Nje ya nchi. Anatazama kwenye kioo."

"Kwenye kioo! Hajui hata vumbi letu lina rangi gani."

Alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga uwanjani. Lakini kiapo cha Alhamisi kilikuwa kizito Alhamisi; Jumapili kilimwasha kama sweta la sufu. Mwelu aliiona ile hali, akasukuma sinia kando.

"Na Bi Mgeni nani atamwonea mpira?"

Bi Mgeni kisukari kilikuwa kimemla macho mwaka wa sita huu, na bado hakukosa Jumapili hata moja. Marehemu mumewe ndiye aliyechora mistari ya kwanza ya uwanja ule kwa majivu ya jikoni. Aliketi kwenye ubao wake karibu na mstari wa kati, akauona mpira kwa sauti ya Muthama.

Muthama akafunga kamba za viatu mara ya nne.

Uwanjani walimpokea kwa mdomo. "Buda!" kijana mmoja alimpigia kelele. "Niaje? Nasikia dishi limekunyamazisha!" Watu wakacheka, naye akainua mkono kuwajibu, kisha hakujua mkono ule aupeleke wapi. Kwa kawaida ulishika kitu.

Bi Mgeni aliutambua mwendo wake. "Umechelewa. Nimeketi hapa kama kiazi kwenye gunia. Mpira uko wapi?"

"Bi Mgeni, nimekatazwa."

"Umekatazwa spika. Barua imesemaje kuhusu mdomo?"

"Haikusema."

"Basi chutama."

Akachutama, akamsogelea sikio, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akatangaza mpira kwa kunong'ona. Ilikuwa kama kubeba maji kwa viganja. Makadara Kombaini, wa buluu, wanashambulia. Njiru Stima, wa njano, wameziba. Musab, namba tisa wa Njiru, anafukuza mpira mrefu, anaupoteza. Magoti yalimuuma, shingo ikamuuma, na zaidi ya yote koo lilimuuma kwa vile visivyotoka. Kila dakika alisimama, akatazama gari lile jeupe, akachutama tena.

"Tulia," Bi Mgeni alimwambia. "Unanipepea kama mlango usio na komeo."

Kipindi cha pili, dakika ya sabini, bado bila kwa bila, Musab alishikwa na misuli ya paja, akatoka akichechemea. Hapo lilifanyika jambo ambalo Kokoto hufanyika kila wiki na hakuna anayelishangaa. Njiru Stima wana jezi kumi tu, na ya kipa. Anayetoka huivua yake, anayeingia huivaa ikiwa bado na joto la mwenzake. Refa analijua, kila mtu analijua. Muthama ndiye aliyekuwa akiwakumbusha watu kwa spika: tisa ni ile ile, mwili ni mwingine. Leo maneno hayo aliyasema kwenye sikio moja.

"Mwili wa nani?" Bi Mgeni aliuliza.

"Owiti."

"Yule seremala? Ah. Maskini."

Owiti alikuwa na miaka thelathini na mmoja na msimu mzima hakuwa amefunga. Mama yake, Aluoch, alikaa Njiru, na wiki nzima alikuwa amewaambia majirani kwamba Jumapili mwanawe atatokea kwenye televisheni.

Dakika ya themanini na nne kona ilipigwa, kipa akaipangua vibaya, mpira ukamdondokea Owiti mguuni, naye akaupiga bila kuufikiria. Nyavu zile mpya zikavimba. Watu wa Kokoto hawakuwa wamezoea kuuona mpira ukibaki ndani. Walishangaa nusu nukta kabla ya kulipuka. Kisha wote wakageuka kumtazama Muthama.

Alikuwa amesimama, kinywa wazi. Kishindo cha watu kikapanda, kikakosa cha kujibu, kikaanguka.

Ndipo simu zikasema. Vijana wengi walikuwa wakifuata matangazo kwenye simu, na picha za Ukanda Spoti zilichelewa karibu nusu dakika. Kutoka mifukoni na viganjani ikasikika sauti laini ya mtu asiyejua vumbi: goli, goli la Njiru Stima, amefunga namba tisa, Musab!

"Musab gani?" mtu akapiga yowe. "Musab si ako hapa! Hana hata shati!"

Kweli alikuwa pale, amejifunga taulo mabegani, anakula chungwa. Alisimama, akainama kwa heshima kama msanii jukwaani, na uwanja ukavunjika mbavu. Aliyekosa kicheko alikuwa mmoja. Owiti alisimama kwenye mstari wa kati, mikono kiunoni, akisikiliza simu za watu zikimpa mwenzake goli lake.

Msichana mwenye vifaa vya kusikilizia masikioni alikuja mbio kutoka kwenye gari lile, kitambulisho kikimpiga kifuani. Koki, kiliandikwa. Alimwendea Twalib, Twalib akamnyooshea Muthama kidole.

"Mzee wangu, samahani," Koki alihema. "Huyu aliyefunga ni nani? Studio wanauliza. Kwenye karatasi yetu tisa ni Musab."

Siku nne Muthama alikuwa akilitafuna neno moja, na sasa lilitoka lenyewe. "Haki zote mmenunua, binti. Na jina mlilinunua?"

Koki alikuwa binti wa watu tu, amevaa viatu vilivyojaa vumbi. Muthama aliona raha ikimpanda, raha chungu, na angeweza kukaa nayo hadi kipenga cha mwisho. Lakini Bi Mgeni alimfinya shavu la mguu, akafinya hasa.

"Muthama. Wewe una ugomvi na hao. Mtoto wa Aluoch ana ugomvi na nani?"

Akamtazama Owiti. Kazini kwake alikuwa ameona watu wengi wakisubiri nje ya mlango jina lao liitwe. Hakuwahi kuliruka moja.

Koki alimsogezea kijiti cha kusemea cha vile vifaa vyake vya masikioni. "Sema hapa tu, polepole. Watasikia."

Alikusudia kusema polepole. Mungu shahidi. Lakini koo lililozibwa tangu saa nane halikujua polepole.

"Owitiiiii!" Lilitoka bila spika, bila betri, likaenda hadi kwenye ukuta wa mwisho wa uwanja. "Fundi wa milango, amefungua uliogoma! Tisa ni ile ile, mwili ni mwingine! Owitiiiii!"

"Ndiye!" Kokoto ikajibu.

Owiti akainua mikono yote miwili.

Twalib alishika kichwa. Refa akapuliza, mpira ukaanza tena, na Muthama akaufuata kwa macho. Kisha, nusu dakika baadaye, sauti ikatoka kwenye simu. Ilikuwa yake. Hakuwa amewahi kuisikia ikimjia kutoka nje. Ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani, ya mtu aliyezeeka, na mwishoni ilikwaruza. Ikafuatwa na "Ndiye!" ndogo kutoka kila mfuko. Aliona haya, akatamani kuisikia tena.

Simu ya Twalib ikalia. Aliitazama, akairudisha mfukoni, ikaendelea kulia.

Koki alikuwa amebonyeza sikio, anasikiliza wakubwa. "Mzee, wanasema... wamekasirika kidogo. Lakini wanasema Jumapili ijayo ukae garini kwetu. Utupatie majina. Kwa sauti ya chini."

"Garini?" Bi Mgeni aliuliza.

Muthama alilitazama gari jeupe, milango yake iliyofungwa, kivuli chake kizuri. Kisha akautazama ubao wa Bi Mgeni.

"Waambie nina sikio moja la kuhudumia. Wakitaka kuongeza la pili, walilete hapa."

"Hapa kwenye vumbi?"

"Mpira uko wapi, binti?"

Koki alisitasita, akatazama nyuma, kisha akachutama upande wa pili wa Bi Mgeni.

"Enhe," Bi Mgeni alisema, akigonga ubao. "Mnapiga soga na dakika zinakwisha. Nani anao?"

Muthama akashuka kwa magoti yake mabovu. "Makadara wanao," akanong'ona, tayari akiinuka tena kuona vizuri.